Fundi akipiga ramli, anayelipa ni mwenye lori

Katika biashara ya uchukuzi wa mizigo, mwenye lori huhesabu vizuri gharama zinazoonekana kwa macho: dizeli, matairi, posho ya dereva, ushuru wa njiani na riba ya benki. Gharama inayomponyoka ni ya lori linalougua leo na kupona kesho bila mtu kulitibu. Katika kundi hilo, hitilafu ya umeme kwenye levia ya gia ni mwizi mkubwa. Gia inakataa kuingia katikati ya safari, dereva anazima injini, anasubiri dakika 10, anawasha tena, na lori linaondoka kana kwamba hakuna lililotokea.

Likifika gereji, ni zima. Fundi analizungusha mtaani, gia zote zinaingia, anakuna kichwa na kutamka sentensi inayojulikana na kila mwenye lori kutoka Mbagala hadi Tunduma: "Bosi, tubadilishe levia kwanza, tuone." Hapo ndipo hasara inapoanza. Fedha nyingi zinazopotea katika mkasa huu haziliwi na hitilafu yenyewe. Zinaliwa na desturi ya kununua spea kabla ya kupima.

Levia ya leo si chuma kitupu

Wafanyabiashara wengi walizoea lori ambalo levia yake ni fimbo ya chuma inayosukuma vyuma vingine hadi ndani ya giaboksi. Fimbo hiyo ikiwa na kasoro, kasoro hiyo huonekana na hushikika kwa mkono. Malori yanayoshushwa bandarini siku hizi, hasa ya mtumba kutoka Ulaya, ni kitu kingine. Mercedes-Benz Actros ilipotoka mwaka 1996 ilikuja na mfumo wa kubadili gia kwa umeme na upepo. Volvo ikaleta I-Shift mwaka 2001. Katika malori ya namna hiyo levia ni kisanduku cha swichi tu. Dereva anapoisukuma, anapeleka ombi kwa njia ya waya. Kompyuta ya giaboksi inalipokea ombi, inalipima, kisha inafungua vali za umeme ili upepo usukume gia.

Hata baadhi ya malori yenye gia za kupanga kwa mkono yana umeme ndani ya levia. Kile kitufe cha kuhama kutoka gia za chini kwenda za juu, au cha kugawa gia moja kuwa mbili, katika baadhi ya magari kimeunganishwa na mpira wa upepo na katika mengine kimeunganishwa na nyaya nyembamba. Nyaya hizo hupita ndani ya fimbo ya levia, na kila gia inapobadilishwa hupinda. Dereva wa masafa marefu hubadili gia mara nyingi mno kwa siku. Waya unaopindwa kila siku mahali pamoja hukatika uzi mmoja mmoja, hadi inabaki michache inayogusana na kuachana kwa kufuata mtikisiko wa barabara.

Kwa maneno mengine, kati ya mkono wa dereva na gia kuna msururu mrefu: swichi, nyaya, soketi, fyuzi, waya wa ethi, kompyuta, vali na upepo. Kiungo kimoja kikilegea, dalili anayoiona dereva ni ileile moja: gia haiingii. Kutokana na dalili hiyo peke yake, hakuna fundi duniani anayeweza kujua kiungo kilicholegea ni kipi. Anayedai kujua bila kupima anapiga ramli.

Spea mpya inayoponya kwa siku tatu

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba ramli hiyo mara nyingi huonekana kufanya kazi. Levia inabadilishwa, lori linakwenda safari moja au mbili bila kusumbua, fundi analipwa na kusifiwa. Kisha ugonjwa unarudi palepale.

Sababu yake ni rahisi. Ili kubadili levia, fundi hulazimika kuchomoa soketi na kuichomeka tena. Kitendo hicho peke yake husugua pini zilizoshika kutu na kuzirudisha kwenye mgusano mzuri kwa muda. Kilichoponya ni kule kuchomoa na kuchomeka, lakini sifa imekwenda kwa spea. Kutu ikijirudia, au mtikisiko ukiilegeza soketi tena, mwenye lori anaambiwa: "Basi ni kompyuta ya giaboksi." Kompyuta inabadilishwa, soketi nyingine zinachomolewa na kuchomekwa, nafuu inakuja, kisha inaondoka. Hatua ya tatu ni kushusha giaboksi yenyewe, ambayo haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

Wahanga wa desturi hii hawajui hasara yao kwa sababu hawaijumlishi. Chukua mfano wa mwenye semi moja ambaye, akishatoa dizeli na posho, hubakiwa na shilingi 300,000 kwa kila siku ambayo lori liko kazini. Anabadilishiwa levia ya mtumba kwa shilingi 900,000, kisha kompyuta ya mtumba kwa shilingi 2,500,000, na lori linalala gereji siku 6 kwa jumla. Ametoa mfukoni shilingi 3,400,000 na kukosa mapato ya shilingi 1,800,000. Jumla ni shilingi 5,200,000. Ikiwa kosa lilikuwa waya uliokatika chini ya mpira wa levia, fundi mwenye mita angelishika lori siku 2. Hata akidai shilingi 250,000 za kutafuta na shilingi 50,000 za vifaa, pamoja na mapato ya siku hizo mbili gharama yote ni shilingi 900,000. Tofauti ni shilingi 4,300,000, yaani zaidi ya siku 14 za kazi. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila mwenye lori aweke za kwake, lakini mwelekeo wa hesabu hautabadilika.

Soko linalolipa chuma na kukataa kulipa akili

Ni rahisi kuwalaumu mafundi. Lakini ukweli ni kwamba mafundi wanafuata soko, na soko limetengenezwa na wenye malori wenyewe.

Mwenye lori akiletewa risiti ya spea, hulipa, kwa kuwa anakiona kitu mkononi. Akiambiwa kwamba fundi ametumia saa 5 akifuata waya mmoja kutoka kwenye levia hadi kwenye chesi, na kwamba amekuta uzi uliooza na kuuunganisha upya, hukasirika: "Yaani kwa kuunga waya tu unataka laki mbili?" Fundi mwenye busara hujifunza haraka. Kama kutafuta hakulipwi na kubadili kunalipwa, atabadili. Akiwa na rafiki mwenye duka la spea Gerezani anayempa chochote kwa kila mteja, atabadili kwa furaha zaidi.

Na duka nalo lina kanuni yake, mara nyingi imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi. Muuzaji hana kosa, kwa sababu kompyuta iliyofungwa kwenye gari lenye waya unaogusana vibaya inaweza kurudi imeungua. Lakini maana yake kwa mnunuzi ni kwamba hatari yote ya ramli imehamia kwake. Tena kompyuta za mtumba zina lao jambo: baadhi hubeba kumbukumbu za lori zilikotoka na hazifanyi kazi ipasavyo hadi ziandikwe upya kwa mashine maalumu. Mwenye lori anaweza kununua kitu kizima na bado akakaa na gari lisilotembea.

Anayelipwa kwa kila kipande anachofunga hana sababu ya kufunga vichache. Anayelipwa kwa kupata jibu ana sababu ya kulitafuta. Mwenye lori akibadili namna ya kulipa, mengine yatafuata.

Mali bila daftari

Upo ushahidi ambao hauhitaji mashine wala fundi, na ambao karibu kila mwenye lori anautupa. Ni maelezo ya dereva.

Hitilafu inayokuja na kuondoka ina ratiba yake. Kuna inayotokea injini ikishapata joto, kuna ya asubuhi penye umande, kuna ya baada ya gari kuoshwa kwa maji ya nguvu, kuna ya barabara mbovu tu, na kuna inayoanza siku chache baada ya kabini kuinamishwa kwa ajili ya matengenezo. Kila ratiba inaelekeza mahali tofauti. Joto linaonyesha nyaya zilizo karibu na bomba la moshi au kiungo kinacholegea kinapotanuka. Maji yanaonyesha soketi iliyopoteza mpira wake wa kuziba. Kabini iliyoinamishwa inaonyesha fungu la nyaya pale linapopinda chini ya kabini. Taa za dashibodi zikififia wakati huohuo, kosa huenda halihusiani na levia kabisa. Ni betri, alteneta au waya mkuu wa ethi.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la shilingi 1,000 ndani ya kabini, lenye tarehe, mahali, saa, uzito wa mzigo, hali ya hewa na kilichotokea, linaweza kumpunguzia fundi siku nzima ya kazi. Lakini dereva ataandika ukweli pale tu atakapojua kwamba hataadhibiwa kwa kuandika. Wapo madereva wengi walioambiwa wanaharibu gia kwa makusudi, au kwamba wanatafuta kisingizio cha kulala njiani, na wengine wamepoteza kazi, kwa sababu tu lori lilikuwa zima lilipofika kwa bosi. Hitilafu ya namna hii haimdanganyi fundi peke yake. Inavunja pia uaminifu kati ya mwajiri na mtu aliyekabidhiwa mali yake.

Kupima kabla ya kununua

Kazi yenyewe ya kutafuta ina utaratibu, na mwenye lori asiye fundi anaweza kuufahamu vya kutosha ili asidanganywe.

Kwanza ni umeme mkuu na upepo. Malori haya hutumia volti 24 kutoka betri mbili za volti 12. Betri dhaifu au waya wa ethi uliolegea kati ya chesi, injini na kabini huweza kuzichanganya kompyuta zote. Na kwa kuwa gia husukumwa na upepo, vali inayovuja huweza kuiga ugonjwa wa umeme. Haya mawili hupimwa kwa dakika chache na hayana gharama.

Pili ni kusoma makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta, na kuyaandika kabla ya kuyafuta. Mafundi wengi hufuta kwanza, na kwa kufanya hivyo huchoma ushahidi. Katika malori yanayofuata mpangilio wa J1939, kila kosa lina namba ya pili inayoeleza aina yake: 5 humaanisha njia ya umeme iliyokatika au mkondo ulio chini ya kawaida, na 2 humaanisha taarifa zinazoyumba au zisizo sahihi. Mwenye lori aombe orodha hiyo kwa maandishi. Kompyuta nyingi zikilalamika kwa pamoja kwamba hazisikii mwenzao, ni dalili ya njia ya mawasiliano au ya umeme wake, na si dalili ya levia. Njia hiyo ni nyaya mbili zilizosokotwa, zenye kizuizi cha omu 120 kila mwisho. Umeme ukizimwa, mita kati ya nyaya hizo inapaswa kusoma karibu na omu 60. Ikisoma 120, upande mmoja umepotea.

Tatu ni kupima waya ukiwa kazini. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Waya uliobakiwa na uzi mmoja husoma vizuri kwenye mita usipobebeshwa kazi. Chukua koili ya vali yenye ukinzani wa omu 48: kwa volti 24 huvuta nusu ampea. Kiungo chenye kutu kikiongeza omu 16, koili hubakiwa na volti 18 tu, na huenda vali isifunguke. Lakini ukichomoa vali na kupima waya mtupu, mita huonyesha volti 24 kamili na fundi ataapa kwamba waya ni mzima. Kipimo cha kweli hufanywa vali ikiwa imeunganishwa na imeamriwa kufunguka, huku msaidizi akitikisa nyaya kipande kwa kipande kutoka kwenye levia hadi giaboksi. Sindano ya mita ikiruka, mahali pamepatikana.

Nne ni matengenezo yenyewe. Kusokota nyaya na kuzifunga kwa utepe mweusi ni kupanda hitilafu ya mwakani. Kiungo kibanwe kwa kifaa chake, kifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na fungu la nyaya lifungwe lisisugue chuma. Baada ya hapo lori lijaribiwe likiwa na mzigo na joto. Kuzunguka mtaani tupu hakuthibitishi kitu.

Hoja ya mwenye haraka

Wapo watakaosema kwamba mizigo haisubiri. Kontena liko bandarini, mteja wa Lubumbashi anapiga simu, na kila siku ya kuchelewa ina faini. Kwao, kubadili levia kwa saa 2 ni bora kuliko kutafuta kwa siku 2. Hoja hii ina uzito, na wakati mwingine ni sahihi: swichi za levia nazo huchakaa, na kipimo kikionyesha hivyo, levia ibadilishwe bila kusita. Mwenye kampuni ya malori 30 ya aina moja anaweza pia kuhamisha levia kutoka lori moja hadi jingine na kuona kama ugonjwa unaifuata.

Lakini mwenye lori moja hana lori la pili la kujaribia, wala mfuko wa kukosea mara tatu. Na njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, yenye zaidi ya kilomita 900, haiheshimu haraka ya mtu. Lori lenye gia inayokataa kwenye mpando wa Kitonga huziba njia ya wote. Likipoteza gia kwenye mteremko ni balaa kubwa zaidi: gia ikitoka, breki ya injini nayo haina tena cha kushika, uzito wote unabaki kwenye breki za matairi, na breki zikishachemka hazisimamishi kitu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu hadi tani 56 kwa lori na tela lenye ekseli 7. Tani 56 zisizo na gia si suala la faini ya bandarini. Dereva anayesema gia "ilitoka yenyewe" asirudishwe barabarani kwa sababu tu asubuhi hii imeingia.

Kwa mwenye fedha anayetafuta lori

Mwekezaji mdogo anayetaka kuingia katika uchukuzi ana sababu ya ziada ya kuielewa hitilafu hii. Njia rahisi ya kuondokana na lori lenye ugonjwa usiopatikana ni kuliuza siku ambayo ni zima. Bei inakuwa nzuri kidogo kuliko ya soko, na muuzaji ana haraka.

Mnunuzi asiridhike na mzunguko wa dakika 15. Alidai lori kwa saa 2 au 3, likiwa na mzigo, lipite barabara yenye matuta hadi lipate joto. Makosa ya kompyuta yasomwe baada ya safari hiyo, kwa kuwa yaliyokuwepo kabla yanaweza kuwa yamefutwa asubuhi. Mpira wa levia ufunuliwe na fungu la nyaya chini ya kabini litazamwe kwa tochi. Utepe mweusi mwingi mahali pamoja ni maandishi ya mafundi waliopita kabla yake.

Kwa wenye malori waliopo sokoni, hatua ya kwanza haihitaji mkopo. Ni kukubaliana na fundi ada ya kutafuta, inayolipwa hata kama kosa ni waya wa shilingi 500. Kutonunua spea ya umeme hadi kipimo kionyeshe kwa tarakimu kwamba ya zamani ni mbovu. Na kukabidhiwa ile ya zamani pamoja na risiti. Wadogo wanaoshindwa kununua mashine ya kusomea makosa wanaweza kuchanga na kuimiliki pamoja. Chama chao, TAMSTOA, ni mahali pa kuanzia mazungumzo hayo. Na vijana wa VETA waliosomea umeme wa magari wasiishie kufunga redio na taa za urembo wakati malori yenye kompyuta yanashushwa na meli.

Lori ni mali inayotembea, na mkopo wake hautambui kisingizio cha fundi. Mwenye lori anayekataa kulipia saa 5 za kupima atazilipia kwa jina jingine, kwenye kaunta ya spea, na bei ya huko ni ya juu zaidi.